Mkanda Uliogoma Mlimani

Ukifika Kihonda ukauliza alipo fundi wa mikanda, watu watakuuliza kwanza, "Ya gari?" Ukisema ndiyo, utaelekezwa nyuma ya gereji za barabarani, kwenye banda la mabati lililopakwa rangi ya bluu, na humo utamkuta mwanamke mnene kiasi, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi, ameketi kwenye kiti cha mbele cha gari ambacho hakina gari. Huyo ndiye Kristina Mkude. Madereva wanaotaka kupunguziwa bei humwita Mama Mikanda, na hawapunguziwi.

Hakuzaliwa na kazi hiyo. Nani huzaliwa nayo? Alishuka kutoka Nyandira, huko juu Mgeta, akiwa msichana anayejua kushona, akashona magauni ya kipaimara na sare za kwaya mpaka cherehani ikaanza kulalamika. Mwenye gereji wa jirani akamuuliza siku moja kama anaweza kushona kava za viti vya gari. Kristina akafikiri kwamba kiti ni mteja mzuri tu, hajitikisi wakati wa kupimwa wala hanenepi kabla ya sikukuu, akakubali. Na kava zake zilikuwa safi, hilo sina ubishi nalo. Zilikaa kwenye kiti bila mkunjo.

Gari la kwanza la maana alilopewa lilikuwa la mhadhiri mmoja wa Mazimbu aitwaye Abdulmajid, mtu mpole, wa kuvaa koti hata kwenye joto la Februari. Kristina alivika kiti cha nyuma chote kwa mshono mmoja kutoka kona hadi kona, na vifungio vya mikanda akavifukia chini ya kava, kama mtu anavyoficha vyombo vichafu wageni wakibisha hodi. Kesho yake mhadhiri akarudi na watoto wake, akauliza kwa adabu zote wanafunga wapi. Kristina alibaki ameshika mkasi. Hakujua kwamba vile vitu vina kazi. Tangu aanze kupanda magari alikuwa ameviona vimelala pale kwenye siti, na hakuna aliyevigusa isipokuwa kuvisogeza visimchome.

Alitoboa matundu, akayapindia vizuri, akaomba radhi. Lakini jambo lenyewe likamkaa kichwani. Kama kifungio kina kazi, mkanda nao unatoka wapi, na ukiachiwa unarudi vipi bila mtu kuuvuta? Akaomba mkanda wa gari bovu pale gereji, akakifungua kile kisanduku kinachoumeza. Laiti angeuliza kwanza. Ndani kuna springi bapa iliyojikunja kama ile ya saa za zamani, na springi ile, ilipoonja uhuru, iliruka ikamkwaruza kidevu, ikajinyoosha banda zima na kuishia kwenye sufuria la Asia, jirani yake anayeuza supu na chapati. Supu ya siku hiyo ilimwagwa. Mpaka leo Asia akimwona Kristina ameshika bisibisi husogeza sufuria kwanza, ndipo humsalimia.

Basi hivyo ndivyo alivyojifunza, na mimi nitakueleza kwa ufupi, maana bila hilo hadithi hii haitaeleweka. Mkanda umezungushwa kwenye kigurudumu ndani ya kisanduku. Springi kazi yake ni kuuvuta urudi ndani, ndiyo maana mkanda hukubana kifuani bila kukuumiza na hukufuata ukiinama kuokota simu. Pembeni ya kigurudumu kuna meno. Chini yake kuna gololi ndogo ya chuma imekaa kwenye kikombe chake, imetulia, haina habari na mtu. Gari likipigwa breki ghafla, gololi inateleza kupanda ukingo wa kikombe, inasukuma kidole kidogo cha plastiki, na kidole kinauma meno ya kigurudumu. Hapo mkanda hautoki tena hata uvutwe na ng'ombe. Kuna pia mtego wa pili: ukiuvuta mkanda kwa pupa, unajifunga wenyewe. Ukiuvuta taratibu unakuja. Kristina huwaambia wateja kwamba huo ni mkanda wenye tabia njema, unachukia papara tu.

Kazi ikamkolea. Akaacha magauni. Akajua kwamba mkanda unaorudi kivivu mara nyingi haukufa, umejaa vumbi jekundu na jasho, na dawa yake ni sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, ukauke kivulini ukiwa umevutwa wote. Dawa za kung'arisha nguo zinakula nyuzi. Akajua kwamba mkanda uliowahi kumshika mtu kwenye ajali haurudishwi kazini. Na akawajua watu. Kuna wanaojivika mkanda begani wakimwona trafiki kwa mbele na kuuvua wakishampita, kana kwamba ajali nazo huvaa sare nyeupe. Kuna wanaoubana kwa kibanio cha nguo ulegee, usiwakunjie shati. Kuna wanaokuja kuomba ulimi wa chuma peke yake, bila mkanda, wauchomeke kwenye kifungio gari liache kupiga kelele. Hao Kristina huwafukuza, na maneno anayotumia kuwafukuzia siwezi kuyaandika hapa.

Sasa mtu kama huyo, kero yake kubwa duniani ingekuwa nani kama si mtu wa nyumbani kwake?

Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa Kristina ilizidi hapo, kwa sababu mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na baba alikuwa amekwenda Gairo kutafuta mashamba na kuyapenda kuliko kurudi. Aliyemlea ni mjomba wake, Dominiko, mtu mrefu mwembamba mwenye kofia ya kitambaa isiyovuliwa ila kanisani. Dominiko ndiye aliyembeba mgongoni kwenda zahanati, ndiye aliyemnunulia cherehani. Na Dominiko alikuwa dereva. Alikuwa na Landrova kuukuu ya kushusha kabichi na karoti za Nyandira mpaka soko la mjini, na njiani alipakia yeyote mwenye shida: mgonjwa, mama mjamzito, padri aliyeishiwa mafuta.

Miaka michache iliyopita, Dominiko akiteremka na mzigo wa kabichi, breki zilimlegea kidogo kwenye mteremko. Akafungua mlango akaruka. Alivunjika mguu. Gari lenyewe liliendelea hatua chache bila yeye, likaegemea migomba, likasimama huku injini inaunguruma, na hakuna kabichi iliyoanguka. Mtu mwingine angejifunza kutoruka. Dominiko alijifunza kuruka mapema zaidi. Tangu siku hiyo kila alipoteremka aliuacha mlango wake umefungwa nusu, ili siku ikifika asihangaike na kitasa, na aliyemuuliza alijibiwa kwa utulivu mkubwa, "Mimi nimeokoka kwa kuruka. Mashahidi wapo."

Kristina alipolijua hilo hakula vizuri kwa wiki nzima. Alimpenda mjomba wake kupita maelezo, na alishaona kwa macho yake, kwenye magari yaliyokokotwa mpaka gereji za Kihonda, kilichowapata waliorushwa nje. Mikanda ya Landrova ile ilikuwa imeshang'olewa na mwenye gari wa kwanza. Basi Dominiko aliposhuka na karoti kabla ya Pasaka, Kristina alimpikia wali kwa njegere, akamwekea chai, na alipokuwa anakunywa akachukua ufunguo wa gari na kuutia kifuani. Akafunga mikanda miwili, wa dereva na wa abiria, mikanda mizuri kabisa, visanduku vyake akavikaza kwa bolti kwenye nguzo ya mlango.

"Nimekubali kwa ajili yako," Dominiko alisema akirudishiwa ufunguo. "Siyo kwa ajili ya mkanda."

"Hata hivyo inatosha, mjomba."

Haikupita wiki, simu ikaita. "Mwanangu, mkanda wako umekufa," Dominiko alisema. "Nimekaa kwenye gari, nauvuta, hautoki."

"Labda umevuta kwa nguvu."

"Nimeuvuta kama navuta uzi kwenye tundu la sindano."

Kristina akamwambia alete gari. Dominiko akaleta. Pale Kihonda, kwenye uwanja ulionyooka kama meza, Kristina aliushika mkanda kwa vidole viwili, akauvuta, ukaja wote, akauachia, ukarudi wenyewe taratibu. Dominiko aliutazama kwa macho ya mtu aliyesalitiwa. Akapanda kwao, akapiga simu tena: umekufa. Akashuka tena, mkanda ukafufuka tena. Mara ya tatu alipokuja walikuwepo madereva wanakunywa supu kwa Asia, na wao wakaanza kucheka chinichini. Mmoja akasema mkanda huo unapenda maisha ya mjini. Kristina, ambaye jina lake lote mjini hapo lilitokana na mikanda, hakuvumilia.

"Mjomba, kama hutaki kufunga mkanda, sema hutaki," alisema. "Usinisingizie kazi yangu. Huu mkanda ni mzima, wewe unanidanganya."

Watu waliacha kunywa supu. Dominiko aliiweka sawa kofia yake.

"Tangu nikulee sijakudanganya," alisema. "Hata siku mama yako alipokufa nilikwambia kweli, ukiwa mtoto." Akapanda gari lake, akaondoka, mlango nusu.

Baada ya hapo simu haikuita. Karoti ambazo Dominiko alikuwa akimpelekea kwa kila gari linaloshuka zikakoma kufika. Kisha akapiga simu Paskalia, mke wa Dominiko, kwa sauti ya chini ya mtu aliyejificha jikoni, akasema mjomba wako hasemi na mtu, ila ameazima spana, Jumamosi anang'oa mikanda yote miwili akurudishie mali yako.

Kristina akashona kava siku hiyo, mshono ukaenda kombo kama njia ya mbuzi. Aliona mambo mawili kwa mpigo na hakujua lipi linauma zaidi: kwamba mjomba atarudi kuteremka bila kitu cha kumshika, na kwamba pengine hatamsemesha tena. Asia alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umemwita mjomba wako mwongo mbele ya supu yangu," Asia alisema. "Panda ukaombe radhi."

"Lakini mkanda ni mzima, Asia. Umeuona mwenyewe."

"Mimi nimeuona. Na yeye nimemwona. Yule mzee si wa kudanganya."

Ijumaa asubuhi Kristina alinunua sukari na kitenge cha mkaza mjomba, maana kwao mtu haombi radhi kwa mjomba kwa simu, wala haendi mikono mitupu. Akapata lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, wakapita Mzumbe, wakapita Mlali, kisha barabara ikaanza kupanda na kujipinda, ubaridi ukaingia, na pembeni kukawa na matuta ya kabichi yaliyopandwa mahali ambapo mtu wa Kihonda asingethubutu hata kusimama. Muda wote huo alikuwa anapanga maneno. Alikuwa na maneno ya kuomba radhi kwa kumkosea adabu mjomba. Ya kukubali kwamba mkanda ni mbovu hakuwa nayo, kwa sababu haukuwa mbovu.

Dominiko alikuwa shambani. Paskalia alipokea sukari, akapokea kitenge, akakijaribu kiunoni, akamwambia akae. Kristina hakukaa. Landrova ilikuwa pale uani, na uani kwa Dominiko, kama uani kwa kila mtu wa huko, ni sehemu ya mlima iliyokubali kufagiliwa. Gari lilisimama pua imetazama juu, mawe makubwa yamewekwa nyuma ya magurudumu. Kristina akapanda kwa kujivuta, akaketi kwenye kiti cha dereva, mgongo umelala, magoti yako juu, anaona mawingu tu mbele. Akaushika mkanda kwa vidole viwili. Akauvuta taratibu, kama mwalimu anayeonyesha darasa.

Haukutoka.

Akauachia, akavuta tena, taratibu zaidi. Kitu ndani kikalia kidogo, mkanda ukaganda. Akajaribu wa abiria, nao vivyo hivyo. Kristina akaegemea kiti, mikono mapajani, akaona aibu. Mjomba alikuwa anasema kweli. Siku zote tatu alikuwa anasema kweli, na yeye alikuwa amemwita mwongo mbele ya watu.

Halafu ile aibu ikaanza kuchanganyika na kicheko, kwa sababu alikuwa ameshaelewa. Gololi. Gololi haijui breki wala mlima. Inajua kuinama tu. Mjini gari limelala sawasawa, gololi imetulia kwenye kikombe. Huku gari limeinama, gololi imeteleza ukingoni na kukaa hukohuko, kidole kimeuma meno, na mkanda unaamini kwa moyo wake wote kwamba ajali inaendelea. Alishuka akakitazama kisanduku kwa macho mapya. Nguzo ya mlango ya gari lile imelala kidogo kwa nyuma, na yeye alikikaza kisanduku kufuata nguzo, kikalala nayo. Kihonda kosa hilo halikuonekana. Huku, mlalo wa nguzo ukijumlishwa na mlalo wa mlima, gololi haikuwa na pa kupumzika. Kosa lilikuwa la fundi, na fundi alikuwa yeye.

Dominiko alirudi jembe begani, akamkuta amesimama kando ya gari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," alijibu, akaanza kuosha jembe.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikuita mwongo, na wewe ulisema kweli. Mkanda umegoma."

Dominiko aliacha kuosha jembe. "Umegoma na kwako?"

"Umegoma na kwangu."

"Vuta nione."

Kristina akavuta. Ukagoma. Uso wa Dominiko ulianza kufunguka pole pole. Akamwita Paskalia aje aone mkanda unavyomgomea fundi kutoka mjini. Akamwita jirani wa upande wa juu, akamwita na wa upande wa chini. Kristina alivuta mkanda mbele ya kila mmoja wao, na kila ulipogoma Dominiko aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza kwaya aliyoifundisha mwenyewe. Alivutishwa mpaka bega likauma, na alivuta kwa furaha, kwa sababu kila ukigoma mjomba alikuwa anamsogelea kidogo, na mwisho akamwambia akae, chai iletwe.

Baada ya chai Kristina alichukua upawa wa Paskalia, akatia humo punje ya njegere kavu, akamwonyesha. Upawa ukiwa sawa, njegere imekaa katikati. Ukiinamishwa, njegere inakimbilia ukingoni. Dominiko aliuchukua upawa akauinamisha mwenyewe mara kadhaa.

"Kwa hiyo haukufa," alisema. "Uliogopa."

"Uliogopa, mjomba. Na mimi ndiye niliyeukalisha vibaya."

Wakafanya kazi pamoja jioni ile kukiwa bado na mwanga. Spana iliyokuwa imeazimwa ya kung'olea ilitumika kulegezea na kukazia. Dominiko alikata kipande cha jembe lililokwisha makali, Kristina akakipinda na kukiweka kati ya nguzo na kisanduku, mpaka kisanduku kikasimama wima kabisa gari likiwa mahali pa sawa. Walipojaribu pale uani, mkanda wa dereva ulikubali kwa shida na wa abiria ukakataa, uani palikuwa pameinama mno. Sehemu tambarare ilikuwa moja tu, ile Paskalia anapoanikia maharage. Yalifuata majadiliano marefu ambayo sikuwepo, lakini najua maharage yalihamia juu ya bati la jiko, na Landrova ikapewa uwanja wa maharage, mikanda ifungwe hapo kabla ya safari.

"Nimekubali kwamba unafanya kazi," Dominiko alisema akifuta mikono. "Sijakubali kwamba nauhitaji. Gari likinishinda mimi nitaruka, nilishakwambia."

Kristina hakubishana. Mtu aliyesamehewa mchana habishani jioni. Aliomba tu lifti ya asubuhi kurudi mjini.

Asubuhi kulikuwa na ukungu, na mvua ilikuwa imenyesha. Gari lilijaa kabichi. Dominiko alifunga mkanda kwa heshima ya mgeni, akamtazama Kristina akifunga wake, akawasha gari. Mlango wake aliufunga nusu, kama kawaida yake, na Kristina aliuona akanyamaza. Waliteremka wakizungumza habari za harusi za jirani na bei ya mbegu, na Dominiko alikuwa mchangamfu kuliko alivyokuwa kwa miezi. Aliimba kidogo. Gari lilipoinama sana mkanda ulimshika, akauambia, "Tulia, ni mlima tu."

Kwenye kona moja, tope lilikuwa limeteremka kutoka shambani na kufunika barabara. Gari lilipolikanyaga halikukata kona. Liliendelea mbele, kisha nyuma yake ikaanza kuteleza kuelekea bondeni, taratibu, bila kelele, mzigo wote wa kabichi ukisukuma. Dominiko alikanyaga breki, na breki hazikubadili kitu.

Kristina aliona mkono wa mjomba wake unaacha usukani. Ulikwenda mlangoni, ukausukuma, mlango ukafunguka wote, na mwili ukaufuata. Bega lilitoka, kichwa kikatoka. Halafu mkanda ukashika. Ulimkamata kifuani kwa nguvu hivi kwamba kofia ilimtoka na kwenda zake, na alipojisukuma tena ukamkatalia tena, na katika hofu ile kidole chake hakikukumbuka kitufe cha kufungulia. Hakuwa na pa kwenda ila kurudi kwenye usukani. Akarudi. Akaacha breki, akaukata usukani kuelekea mlimani, akakanyaga mafuta kidogo kama alivyojua kwa miaka yote, na pua ya gari ikageuka ikajikita kwenye ukingo wa udongo. Gari likasimama.

Mlango wa Dominiko ulikuwa bado wazi, unaning'inia, na chini yake hakukuwa na barabara. Kulikuwa na vichwa vya migomba, mbali kule chini, na ukungu unapita katikati yake. Kabichi moja ilidondoka kutoka kwenye mzigo, wakaisikiliza inavyokwenda.

"Umeumia, mjomba?"

Dominiko alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na anatazama udongo ulio mbele ya kioo. Kristina alifikiri anatazama alivyonusurika, akataka kumwambia asihofu, yameshapita.

"Siku ile nilikuwa na kabichi tu," Dominiko alisema.

"Siku ipi?"

"Niliyoruka. Nilikuwa na kabichi tu ndani ya gari. Leo nimeruka, Kristina. Nimekuacha humu."

"Hukuniacha. Upo hapa."

"Nipo kwa sababu nimefungwa," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi, naye hakuyafuta. "Wagonjwa wote niliowashusha. Mama wajawazito. Mlango wangu nusu, na wao wako nyuma."

Kristina alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka pumzi zikarudi. Wakulima walishuka kutoka kwenye matuta na majembe, wakakwangua tope, wakaweka mawe na matawi chini ya magurudumu, wakasukuma, wakacheka, wakapewa kabichi. Mmoja aliteremka akairudisha kofia. Walipomaliza, gari lilikuwa limesimama barabarani, pua inatazama Mlali.

Dominiko akapanda. Akafunga mkanda wake. Akauvuta mlango mpaka mwisho, ukalia, akaujaribu kwa bega kuona kama umeshika. Kisha, kabla ya kuwasha gari, alinyoosha mkono upande wa pili, akaushika mkanda wa Kristina kifuani kwake na kuuvuta kwa nguvu, mara mbili, kama baba anayejaribu kamba aliyomfungia mtoto.